Kabla ya Nyundo ya Dalali

Kukopa harusi, kulipa matanga. Ndivyo walivyosema wahenga, na hapana pahala ambapo usemi huo hutimia kwa uchungu zaidi kuliko mlangoni mwa nyumba inayouzwa mnadani. Dalali hufika na karatasi yake, majirani husimama barazani wakitazama kwa pembeni, na jamaa waliokuwa wakipaita pale "kwetu" kwa miaka mingi hujikuta wakitafuta gari la kupakia vitanda. Hatuandiki leo kumtetea mtu asiyetaka kulipa deni lake. Tunaandika kwa ajili ya yule anayetaka kulipa, ambaye angeweza kulipa lau masharti yangelegezwa kidogo, lakini akapoteza nyumba kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kubisha kabla nyundo haijapigwa. Kuufungua mlango huo ni wajibu wa Serikali, na wakati wa kuufungua ni kabla dhiki haijafika.

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema kwamba jambo hili si la visiwa vyetu. Ni kweli kwamba wengi wetu hujenga tofali kwa tofali: mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta, na mabati yakipatikana ndipo watu wakahamia. Nyumba ya namna hiyo huchelewa kumalizika, lakini haina mdai. Hata hivyo mambo yanabadilika. Vijana wenye mishahara hawataki kungoja miaka kumi na mitano, na mabenki yanatoa mikopo ya kulipwa kwa muda mrefu huku nyumba yenyewe ikiwa rehani. Tangu mwaka 2010 nchi yetu ina Tanzania Mortgage Refinance Company, iliyoundwa ili kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu za kuwakopesha wanunuzi na wajenzi wa nyumba. Zipo pia benki zinazotoa nyumba kwa mikataba isiyo ya riba, nao ni utaratibu wa heri. Lakini hata huko marejesho hukatika mtu anapopoteza kazi, na nyumba ndiyo dhamana.

Isitoshe, rehani si neno geni kwetu. Wazee wetu waliijua kwa machungu yake. Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa 1930, wenye mashamba wengi wa Unguja na Pemba, Waarabu na Waafrika, walikuwa wamezama katika madeni ya wafanyabiashara wa Kihindi waliowakopesha. Wengine walikuwa wameweka mashamba rehani moja kwa moja. Wengine, kwa kuikwepa riba, waliyauza kwa bei ya khiyari, yaani mauzo yenye haki ya kulinunua shamba tena kabla ya muda uliotajwa. Muda ukipita na fedha hazipo, shamba limekwenda. Serikali ya wakati ule, iliyokuwa chini ya himaya ya Kiingereza, ilitunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia ardhi za Waarabu na Waafrika zisihamishiwe watu wengine bila ya idhini, na ikasimamisha kwa muda ukamataji wa mashamba kwa sababu ya madeni.

Hatua hizo ziliokoa mashamba mengi, lakini hazikuliondoa deni. Mdaiwa alibaki na deni lake; mdai naye, ambaye aghalabu alikuwa amekopa fedha hizo kwa mwingine, alibaki bila ya haki yake. Chuki ilikua, na mgogoro wa biashara ya karafuu ukawa mkubwa kiasi cha India kususia karafuu za Zanzibar mwaka 1937. Ni mwaka 1938 tu, ilipotungwa sheria ya kulinda ardhi na kusuluhisha madeni, ndipo deni la kila mtu lilipowekewa njia ya kupimwa na kupangiwa malipo yanayowezekana. Hilo ndilo funzo letu la kwanza, nalo limetoka katika udongo wetu wenyewe: kuzuia mnada ni kununua muda tu, na muda huo usipotumika kulipanga upya deni, mnada utarudi.

Mdororo ule ule ulioiangusha bei ya karafuu uliwakumba pia wenye nyumba wa Marekani. Ni vyema tukaitazama nchi hiyo, kwani imepitia dhiki ya nyumba za rehani mara tatu, na kila mara Serikali yake ilitumia njia tofauti.

Mara ya kwanza ni mwaka 1933. Mikopo ya nyumba ya siku zile ilikuwa mifupi, aghalabu ya miaka mitatu hadi mitano. Mkopaji alilipa riba tu, na mwisho wa muda alitakiwa alipe rasilmali yote kwa mara moja au akope tena. Mabenki yalipoanguka, hapakuwa na wa kumkopesha tena. Nyumba zikawa zinakamatwa kwa kiasi cha elfu moja kila siku. Mwezi Juni wa mwaka huo Bunge la nchi hiyo liliunda Shirika la Mikopo ya Wenye Nyumba, lililojulikana kwa herufi zake HOLC. Shirika hilo halikumwomba mkopeshaji awe mpole. Lilimnunua deni. Mkopeshaji alipewa hati za dhamana za Serikali, naye mwenye nyumba akapewa mkopo mpya wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 5, unaolipwa kidogo kidogo kila mwezi, riba pamoja na rasilmali, mpaka deni liishe.

Kwa njia hiyo mikopo zaidi ya milioni moja, yenye thamani ya dola bilioni tatu hivi, ilipangwa upya kati ya mwaka 1933 na 1936. Si wote waliookoka. Takriban mmoja katika kila watano alishindwa hata na masharti mapya, na shirika likaichukua nyumba yake. Lakini wanne kati ya watano walibaki majumbani mwao, na shirika lilipofunga hesabu zake mwaka 1951 lilikuwa na faida ndogo. Tunasisitiza jambo hilo kwa waheshimiwa wanaoshughulikia hazina: nafuu iliyopangwa vyema si lazima iwe sadaka.

Mkono huo wa huruma ulikuwa na doa. Shirika hilo hilo lilichora ramani za miji zaidi ya mia mbili na kuipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kukopesha, na mitaa ya Weusi ndiyo iliyopakwa kwa wingi. Ubaguzi wa namna hiyo katika mikopo ya nyumba ulidumu Marekani kwa miongo. Serikali inapogawa nafuu haina budi kujiuliza ni nani aliyeachwa nje ya mlango.

Wakati huo huo jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kuwaongezea wenye nyumba muda wa kuzikomboa. Mkopeshaji mmoja alikwenda mahakamani akidai kwamba mkataba umevunjwa. Mwezi Januari 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali sheria hiyo kwa kura tano dhidi ya nne. Sharti moja lilikuwa na uzito mkubwa: katika muda wa kungoja, mwenye nyumba alipaswa kulipa kila mwezi kiasi cha haki kilichopangwa na mahakama, mfano wa kodi. Hivyo mdaiwa alipata pumzi, na mdai hakuachwa mikono mitupu.

Mara ya pili ni miaka iliyofuata 2007. Bei za nyumba zilikuwa zimepanda kupita kiasi, mikopo ikatolewa kwa watu wasioweza kuilipa, kisha bei zikaporomoka. Mwishoni mwa mwaka 2009 takriban mkopo mmoja katika kila minne ulikuwa mkubwa kuliko thamani ya nyumba iliyowekwa rehani.

Hali hiyo inahitaji kuelezwa kwa hesabu. Tuseme mtu alikopa dola 200,000 kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5. Kila mwezi alilipa dola 1,264. Baada ya miaka michache riba ya soko ilishuka hadi asilimia 4, ambapo mkopo wa kiasi hicho ungelipwa kwa dola 955 kwa mwezi. Akili ya kawaida inasema achukue mkopo mpya, alipe ule wa zamani, abakishe dola 300 za kuwalisha watoto. Lakini nyumba yake sasa inathaminiwa dola 150,000, na benki haikopeshi zaidi ya thamani ya rehani. Basi mtu huyu, ambaye hajakosa kulipa hata mwezi mmoja, amefungiwa ndani ya riba ya zamani. Siku akipunguziwa mshahara, zile dola 300 ndizo zitakazomtoa nyumbani.

Mwezi Februari 2009 Rais Barack Obama alitangaza mipango miwili. Wa kwanza, HARP, ulikuwa wa watu wa aina hiyo tuliyoieleza: wanaolipa vizuri, lakini nyumba zao zimeshuka thamani. Uliwaruhusu kubadilisha mkopo maadamu mkopo wao ulikuwa mikononi mwa Fannie Mae au Freddie Mac, mashirika mawili makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba na ambayo yalikuwa yamewekwa chini ya usimamizi wa Serikali. Mwanzoni mpango ulikwenda kwa kuchechemea kwa sababu ya ada, vikwazo na kiwango cha juu cha deni kilichowekwa. Masharti yakalegezwa mwishoni mwa mwaka 2011, na tofauti ikaonekana mara moja: mwaka 2011 watu kama 400,000 walibadilisha mikopo yao kwa njia hiyo, mwaka 2012 walikuwa zaidi ya milioni moja. Mpango ulipokwisha mwaka 2018 mikopo karibu milioni tatu na nusu ilikuwa imebadilishwa. Wenye nyumba walikuwa wale wale na dhiki ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni karatasi za Serikali.

Mpango wa pili, HAMP, ulikuwa wa wale waliokwisha kushindwa kulipa au waliokuwa ukingoni. Nia yake ilikuwa njema na kanuni yake iliyonyooka: rejesho la mwezi lishushwe hadi asilimia 31 ya pato la mkopaji, kwa kupunguza riba hata kufikia asilimia 2, na ikibidi kurefusha mkopo hadi miaka 40. Serikali ilitarajia kuwasaidia watu milioni tatu hadi nne. Ulipofungwa mwishoni mwa mwaka 2016, waliopata mikataba mipya ya kudumu walizidi kidogo milioni moja na nusu, na wengi miongoni mwao walianguka tena.

Kwa nini? Kwa sababu, tofauti na mwaka 1933, Serikali haikulinunua deni. Iliziachia kazi hiyo kampuni zinazokusanya marejesho kwa niaba ya wenye mikopo, na kuzilipa bahashishi kwa kila mkopo zitakaoupanga upya. Kampuni hizo hazikuwa na watu wa kutosha, na mara nyingi zilipata zaidi kutokana na ada za ucheleweshaji kuliko bahashishi ya Serikali. Wananchi walituma vyeti vya mishahara, vikapotea. Wakatuma tena, wakaambiwa vimepitwa na wakati. Walilipa kwa majaribio miezi mitatu, ikawa sita, kisha wakajibiwa kwamba hawakustahili na malimbikizo yote yanatakiwa. Baya zaidi, ofisi moja ya kampuni ilikuwa ikiyashughulikia maombi ya nafuu huku ofisi ya pili ikiitangaza nyumba hiyo hiyo kwa mnada. Kanuni za kuuzuia mwenendo huo zilianza kutumika Januari 2014, baada ya mamilioni ya nyumba kwisha kukamatwa. Mwaka 2010 peke yake nyumba zaidi ya milioni moja zilichukuliwa.

Kumbuka, msomaji, kwamba mwezi Oktoba 2008 Bunge la nchi hiyo liliidhinisha dola bilioni 700 za kuuokoa mfumo wa fedha. Mabenki yalipata fedha zao kwa siku na wiki. Mwenye nyumba alingoja miaka. Hatusemi mabenki yasingesaidiwa. Benki ikianguka, mwenye akiba naye huanguka. Tunasema kwamba nafuu iliyopitishwa katika mkono wa asiyeitaka haiwezi kumfikia anayeihitaji.

Mara ya tatu ni mwaka 2020, maradhi ya UVIKO yalipofunga kazi. Funzo lilikuwa limeingia. Sheria iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020 ilimruhusu mwenye mkopo unaodhaminiwa na Serikali kusimamisha marejesho kwa siku 180, na siku 180 nyingine akihitaji. Hakutakiwa kuleta rundo la vyeti. Ilitosha kutamka kwamba dhiki imempata kwa sababu ya maradhi. Watu zaidi ya milioni nne waliitumia nafasi hiyo, na wengi waliporudi kazini marejesho waliyoyakosa yalisogezwa mwisho wa mkopo. Mwaka 2021 likafuata fungu la karibu dola bilioni 10 kwa majimbo, la kuwasaidia wenye nyumba waliobaki nyuma. Wimbi la mnada lililoogopwa halikuja.

Sisi nasi tulikuwamo katika dhiki ile. Ndege zilipositishwa, hoteli za pwani zetu zilifunga milango na wafanyakazi wakarudi vijijini bila ya mshahara. Mwezi Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania iliyaruhusu mabenki kuwapangia upya mikopo wateja walioathirika, kila mmoja kwa kadiri ya hali yake. Ilikuwa hatua ya busara. Lakini ilikuwa ruhusa kwa benki, haikuwa haki ya mkopaji. Mwenye kujua kuzungumza na meneja alifaidika nayo. Asiyejua hata kama ruhusa hiyo ipo angewezaje kuiomba? Na uchumi wa visiwa ni wa misimu. Karafuu huzaa mwaka huu na kupumzika mwaka ujao, wageni huja kwa wingi na kupungua masika yakiingia, na mvuvi husubiri bahari itulie. Mkopo wa nyumba hauna masika wala kaskazi. Unadai kila mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo tunawapendekezea wakuu wa Serikali mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wa visiwa vidogo.

Kwanza, mnada wa nyumba ya kuishi usipigwe mpaka mdai na mdaiwa wawe wamekaa uso kwa uso mbele ya mtu wa tatu asiye na upande. Mahakama ya mji wa Philadelphia ilianzisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 2008: nyumba haikwenda mnadani kabla ya kikao, na mwenye nyumba alipatiwa mshauri wa kukaa naye. Kwetu sisi, ambao suluhu barazani ni desturi ya kale, hilo lisingekuwa jambo la kigeni.

Pili, barua ya onyo iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ifike mapema, na itaje kiasi kinachodaiwa, siku zilizobaki, na ofisi ya kwenda kuomba nafuu. Mtu asihukumiwe kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Na maombi ya nafuu yakiwa mezani, tangazo la mnada lingoje.

Tatu, kiwekwe kipimo kimoja cha nafuu, kinachojulikana na wote, kama ile asilimia 31 ya pato. Mwenye kutimiza masharti apate bila ya kujuana na mtu. Asiyetimiza aelezwe sababu kwa maandishi. Kipimo hicho kihesabu pato la mwaka mzima, si la mwezi mmoja, ili mfanyakazi wa msimu asionekane mufilisi kila masika.

Nne, Serikali itenge fungu dogo, au iagane na chombo cha fedha za nyumba ambacho tayari kipo nchini, ili liwepo shirika la kulinunua deni pale ambapo mkopeshaji hataki kulegeza na mkopaji ana uwezo wa kulipa kwa masharti ya muda mrefu. Fungu hilo lijulikane na hesabu zake zitangazwe kila mwaka.

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba nafuu huzaa uzembe, na kwamba anayelipa kwa wakati atajiona mjinga. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana hatukupendekeza deni lifutwe. Aliyepewa nafuu mwaka 1933 alilipa, tena kwa miaka 15. Ambaye hata masharti mepesi yanamshinda, aelezwe wazi, asaidiwe kuiuza nyumba mwenyewe kwa bei ya haki, abaki na kilichozidi. Hilo pia ni nafuu, kwa maana nyumba inayouzwa kwa pupa mnadani mara nyingi huuzwa kwa hasara, na hasara hiyo humwangukia mkopaji kwanza na benki baadaye.

Itasemwa pia kwamba mabenki yataogopa kukopesha. Jibu liko katika hesabu za mabenki yenyewe. Benki haitaki nyumba. Inataka fedha zake. Nyumba tupu yenye kesi mahakamani haimpi mtu riba wala faida. Rejesho lililopunguzwa likalipwa ni bora kuliko rejesho kamili lililobaki kwenye daftari.

Kwa wananchi wenzetu tuna neno moja. Mwenye kuona mwezi ujao hatafikia rejesho asingoje mwezi ule uishe. Aende benki mapema, achukue kila karatasi aliyotia saini, adai jibu la maandishi. Aibu ya kukiri dhiki ni ya siku moja. Kunyamaza ndiko kunakomleta dalali.

Mila zetu na dini zetu zimetufunza kumpa muhula mdaiwa aliyepatwa na shida. Tunalolitaka ni muhula huo uwekewe sheria, ofisi na tarehe, ili usitegemee hisani ya mtu mmoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mikopo ya nyumba bado ni michache visiwani, na kwa hiyo ufa bado ni mwembamba. Tunaziomba wizara zinazohusika zikae na mabenki mwaka huu, wakati hapana nyumba nyingi za kugombewa na kila upande una utulivu wa kusikiliza.